Maswali yenu ya benki: cheki zilizorudi, Fuliza na makato mengine

Haya jamani, maswali ya safari hii karibu yote ni makato. Cheki imerudi, akaunti imeingia chini ya sifuri, Fuliza (ile huduma ya M-Pesa ya kutumia pesa usizokuwa nazo) imemeza nauli, na kila mtu anamalizia kwa "hii ni haki kweli?" Nimechagua machache. Mengine nshayajibu huko nyuma lakini hamsomi, kwa hivo nitayajibu tena kwa ufupi na bila ya tabasamu. Majina ya watu na ya mabenki nimeyatoa, msiniulize ni benki gani.

*Nina duka la vifaa vya ujenzi Makupa. Nilimwandikia supplaya cheki ya 48,000 na kwa akaunti mlikuwa na 48,120, niliangalia mwenyewe kwa simu. Cheki ikarudi eti pesa hazitoshi, nikakatwa 2,500 na ushuru 500 juu yake. Kosa langu ni lipi?*

Ndugu yangu, kosa lako ni kuamini kuwa salio la usiku ndilo litakaloamka asubuhi. Nimeisoma stetimenti uliyonitumia mstari kwa mstari. Tarehe 30 asubuhi, kabla ya cheki yako kufika, benki ilijikatia ada yake ya mwezi pamoja na ya SMS, jumla 470. Ukabaki na 47,650. Cheki ilipofika ikakosa 350. Yaani wao wenyewe ndo waliozipunguza pesa, halafu wakakuadhibu kwa sababu pesa zimepungua, na supplaya wako hakulipwa hata ndururu.

Sasa tupige hesabu. Umetozwa 3,000 kwa upungufu wa 350, zaidi ya mara nane. Lau wangeipitisha ile cheki na kukuhesabia hiyo 350 kama ovadrafti, yaani kukukopesha hicho kilichopungua kwa akaunti, hata kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, kwa siku moja haifiki thumni, senti hamsini. Na wala usiambiwe kurudisha cheki ni kazi kubwa. Tangu 2011 cheki za Kenya hazizunguki tena na gari kutoka benki hadi benki, zinapigwa picha, picha ndo inayokwenda, na anayeamua kama pesa zatosha ni kompyuta. Kompyuta hiyo haichoki zaidi kwa cheki iliyokosa 350 kuliko iliyokosa laki tatu na nusu, na ada ni ile ile kwa zote mbili. Ndo maana mimi husema kila siku na nitaendelea kusema mpaka mnichoke: ada hii haifuati gharama ya benki, inafuata udhaifu wa mteja. Mwenye akaunti iliyonona haijui kabisa, tena akipungukiwa siku moja meneja humpigia simu, "Bosi, kuna cheki hapa, nikuwekee mpaka saa tisa?" Wewe wa Makupa hupigiwi.

Mchezo huu wa nani anakatwa mwanzo si wa hapa tu. Kule Marekani mwaka 2010 hakimu wa California aliiamuru Wells Fargo iwarudishie wateja dola milioni 203, kwa sababu benki ilikuwa ikiyapanga malipo ya siku kuanzia kubwa kuja dogo. Ukianza na kubwa akaunti inakauka mapema, na yale madogo madogo yote yanayofuata kila moja linazaa faini yake.

La kufanya: andika barua kwa meneja wa tawi, ambatisha hiyo stetimenti, zungushia kwa kalamu ile 470 na saa iliyokatwa. Usiombe msamaha, dai urudishiwe 3,000. Na supplaya mpelekee pesa zake leo kwa njia nyengine, asije akaanza kukudai pesa taslimu kila ukimwagiza simiti.

*Cheki yangu ya 1,200,000 imerudi na pesa ziko, wananionea?*

La. Tangu 2009 cheki haipiti milioni moja kwa kliaringi, kule mabenki yanakobadilishana cheki. Tumia RTGS, yaani benki ihamishe pesa moja kwa moja hadi benki nyengine. Na ukiwa na cheki ya zaidi ya miezi sita kwenye droo, usijisumbue kuipeleka, imekufa.

*Mimi ndo niliyepewa cheki, mpangaji wangu wa Kisauni alinilipa kodi kwa cheki ikarudi, na benki YANGU ikanikata mimi pia. Mie nimefanya nini?*

Mamangu, hukufanya kitu. Kuna benki humkata aliyeandika cheki na huku mwenye kuipokea naye akakatwa na benki yake, cheki moja ndege wawili. Mwandishi angalau alikuwa na njia ya kujua salio lake. Wewe ungejuaje? Ungemwambia akufungulie simu yake? Katika makato yote ninayoandikiwa hili ndo baya kuliko yote, na ajabu yake ni kwamba watu hawalilalamikii sana kwa vile ni mia kadhaa tu, hasira zote zinamwendea mpangaji.

Mdai mpangaji kodi yako pamoja na hilo kato, na liandike kwenye mkataba ujao kuwa cheki ikirudi gharama ni zake. Kisha acha cheki. Alipe kwa simu au aweke mwenyewe kwa akaunti. Mwaka huu mpangaji anayeng'ang'ania cheki ana sababu zake, na aghlabu sababu yenyewe ni kununua siku mbili tatu.

*Nikiandika cheki na pesa hamna nitafungwa?*

Swali hili nalijibu tena na tena wallahi. Ndio, yawezekana. Kifungu cha 316A cha Kanuni za Adhabu kinasema faini isiyozidi 50,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja au vyote viwili. Halafu najua utaniandikia wiki ijayo, "na ikiwa cheki niliiandika tarehe ya mbele?" Sheria yenyewe imetoa nafuu kwa cheki ya tarehe ya mbele kuhusu hilo kosa la pesa kutotosha, kwa sababu aliyeipokea alijua siku ile hulipi. Lakini deni liko pale pale na waweza kushtakiwa kwa madai. Wala usiifunge akaunti ukiwa umeshagawa cheki, hapo nafuu hiyo haikufuniki. Na nyie mnaowapa malendlodi cheki za mwaka mzima mkiomba Mungu mishahara iwahi, sijui niwaambieje.

*Je, Fuliza ni ovadrafti au mkopo? Na mbona ndugu yangu akinitumia nauli naiona inaingia halafu haipo?*

Ni ovadrafti, hivo ndivyo ilivyoanzishwa Januari 2019, nyuma yake kuna benki za NCBA na KCB. Na ovadrafti yoyote iko hivo, pesa inayoingia inaziba shimo mwanzo. Ndugu yako alikutumia nauli ya kutoka Mtwapa, simu ikasema imepokea, kabla hujafika steji deni limejilipa na kondakta anakutazama. Hakuna aliyekuibia.

Ada yake ni asilimia 1 ya kuichukua, kisha ada ya kila siku kulingana na kiasi unachodaiwa. Mwishoni mwa 2022 walizipunguza, na wenye deni la elfu moja kushuka chini wakapewa siku tatu bila ya ile ada ya siku. Hapo nitawapa haki yao: angalau unaonyeshwa makato kabla hujabonyeza, na deni dogo lina ada ndogo. Benki nyingi za majengo ya vioo hazijafika hapo. Lakini angalieni tabia yenyewe. Mtu anafuliza 300 ya unga, siku ya nne ada za siku zinaanza, siku ya kumi anapokea pesa zinamezwa, jioni anafuliza tena ile ile 300 ya unga. Kila fuliza mpya ina asilimia yake. Mwisho wa mwezi mwambie ajumlishe, hataki.

*Sheikh wetu amesema Fuliza na ovadrafti zote ni riba. Wewe wasemaje?*

Mie si mufti na sitojifanya. La hukmu muulize huyo huyo sheikh wako, la hesabu niulize mimi. Ninachojua ni kuwa Gulf African na First Community, ambayo siku hizi yaitwa Premier, zilianza 2008 kwa misingi ya kisharia, na benki kadhaa za kawaida zina madirisha yao, yaani vitengo vya kisharia ndani yake. Huko hupati ovadrafti ya riba. Mteja akichelewesha malipo, faini, ikiwepo, kwa utaratibu wao haitakiwi kuingia kwenye faida ya benki, yapelekwa sadaka. Mimi hilo lanipendeza hata kwa asiyekuwa Muislamu, kwa sababu benki ikishakuwa haifaidiki na kuteleza kwako haina hamu ya kukutegea. Lakini msiende huko mkiwa mmefumba macho. Ulizia orodha ya ada kabla ya kutia sahihi, ada ya cheki kurudi yaweza kuwepo hata kwenye benki yenye jina la Kiarabu.

*Benki gani haina makato?*

Kibubu.

*Kaka yangu yuko London, anasema Waingereza waliwashtaki mabenki kwa ada za ovadrafti wakashinda. Kwa nini sisi hatuwashtaki?*

Kaka yako amekumbuka nusu. Kweli watu kule waliandika barua kwa maelfu wakidai kurudishiwa ada, wengi wakarudishiwa kimya kimya, mpaka 2007 ikafunguliwa kesi moja kubwa kati ya mdhibiti wa biashara na mabenki. Novemba 2009 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi MABENKI. Ilichosema ni kuwa ada zile ni sehemu ya bei ya huduma, kwa hivo mdhibiti hawezi kuzipima kwa sheria ile aliyoendea mahakamani kama ziko sawa ukilinganisha na huduma yenyewe. Haikusema ni za haki, watu hulisahau hilo. Ikabidi waje kusubiri mpaka Aprili 2020, mdhibiti wa fedha akapiga marufuku ada za kiasi maalumu za ovadrafti, benki ikitaka kutoza itoze riba moja ya mwaka inayoeleweka. Wajua walifanyaje? Benki kubwa nyingi zikaipandisha riba yenyewe hadi karibu asilimia 40!

Hata hivo bora hiyo. Aliyekosa 350 kwa siku moja, hata kwa asilimia 40 analipa chini ya thumni. Mimi sheria kama hiyo ningeitaka hapa kesho, hasira ya mahakamani nimwachie kaka yako.

*Nina ovadrafti ya biashara, benki imepandisha riba na ada bila kunambia. Ruhusa?*

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinasema benki haipandishi ada zake bila ya idhini ya Waziri wa Fedha. Waulize kwa maandishi idhini yao iko wapi na ni ya lini, na notisi walikuletea lini. Swali hilo peke yake huwafanya wakupe kiti na chai. Na deni likishahesabiwa kuwa bovu, tangu 2007 kuna kifungu cha 44A: riba inayoongezeka haiwezi kupita lile deni lililokuwepo siku lilipoharibika. Kuna watu wanadaiwa laki tano zimekuwa milioni mbili na wanalipa tu.

Ila na wewe kumbuka, ovadrafti benki yaweza kuidai yote wakati wowote, soma barua yako ya ofa. Kununulia lori kwa ovadrafti, kama ulivyoandika mwishoni mwa ujumbe wako, ni wazimu. Ovadrafti ni ya kuziba wiki mbili tatu mteja hajalipa. Lori lina mkopo wake.

*Nimewekwa CRB kwa cheki moja iliyorudi, wanaruhusiwa?*

Cheki iliyorudi kwa kukosa pesa inaruhusiwa kupelekwa CRB, ile ofisi inayoweka rekodi za wanaodaiwa, iliyorudi kwa sahihi kutofanana au makosa ya tarehe haitakiwi. Wanatakiwa wakupe notisi ya siku 30 kabla. Ripoti ni bure mara moja kwa mwaka, ichukue usome, usilipe broka wa Mwembe Tayari anayesema atakusafisha. Ukilipa deni rekodi haifutiki siku hiyo, inaandikwa umelipa na inakaa miaka mitano. Wa deni chini ya elfu moja, tangu Aprili 2020 hamtakiwi kuorodheshwa, kwa hivo acheni kuniandikia kuhusu Fuliza ya 200.

*Naweza kuihama benki nikaacha akaunti na deni la makato?*

Hapana. Deni halihami, linazaa.

*Niliandika barua kama ulivyosema, wiki ya tano hii hakuna jibu, kila nikienda tawini naambiwa "tunalifuatilia".*

Nakala yako ina muhuri wa tawi? Kama haina, hukuandika barua, ulitoa sadaka ya karatasi. Rudi nayo, igongwe muhuri na tarehe mbele yako. Kisha peleka nakala Benki Kuu, tawi lao la Mombasa liko Nkrumah Road, ukieleza kuwa benki umeishaiandikia na lini. Wasipokusikia, kuna Mahakama ya Madai Madogo, dai lisilozidi milioni moja, waweza kusimama mwenyewe bila ya wakili na kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60. Kwa ada ya 3,000 najua utaona uvivu. Lakini ulinambia wamekukata mara nne tangu Ramadhani, toa stetimenti ya mwaka mzima, zijumlishe zote, nenda nazo kwa mpigo.