Graviti inaibuka, inazuka au inatokana?

Swali: Nafundisha fizikia sekondari hapa Ujiji. Wanafunzi wameniuliza kuhusu ile hoja kwamba graviti, ile inayofanya vitu vianguke, sio kitu cha msingi, chini yake kuna mambo ya kwanta, yani ya chembe ndogo kabisa. Niseme graviti "inaibuka", "inazuka" au "inatokana"? Na nafasi na wakati je?

Jibu: Ticha, "inaibuka" ndo wengi wanaandika ila mi siipendi. Kuibuka ni kutoka chini ya maji, we uko Ujiji unawajua dagaa, usiku wakifuata taa za wavuvi wanaibuka lakini ni dagaa walewale waliokuwepo chini tangu mchana. Wanafizikia wanasema kitu kingine kabisa, kwamba huko chini graviti haipo. Wao hupenda mfano wa halijoto: molekuli moja haina halijoto, mpaka ziwe nyingi mno pamoja, na mwaka 1995 mwanafizikia Ted Jacobson alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein ya 1915 kuhusu graviti unaweza kuipata ukianzia kwenye sheria za themodinamiki, yani za joto na nishati. "Kuzuka" ndo usiiguse, inaleta ghafla na mizuka, wakati hapa hakuna tukio lililotokea siku fulani.

Kwa graviti sema "inatokana na", inatosha.

Kwa nafasi na wakati ningekupa "jengeka". Sababu ni mwanafizikia Mark Van Raamsdonk, ambaye 2010 alitoa hoja kwamba ukipunguza mfungamano wa kikwanta (hali ya vitu viwili kufungamana hata huwezi kukieleza kimoja bila kingine) kati ya sehemu mbili za mfumo, nafasi inayoziunganisha inavutika, inakuwa nyembamba, mwisho inakatika. Yani mfungamano ndo unaoishikilia! Ila hesabu zake zimesimama kwenye modeli ya mwanafizikia Juan Maldacena ya 1997, na ulimwengu wa modeli hiyo una umbo tofauti na huu wetu, kwahiyo usiwaambie kavukavu "vinajengeka", weka "huenda" mbele.

Na umeona nimesema "vinajengeka", maana nafasi na wakati ni ngeli mbili tofauti. Ukitaka viwe kitu kimoja kama mwanahisabati Minkowski alivyoviunganisha 1908, andika "nafasi-wakati" halafu "inajengeka". Wapo wanaosema "anga-wakati", mi naona mtoto akisikia anga anatazama juu, wakati nafasi inayozungumziwa imo hata ndani ya darasa lako. Neno "mvutano", ambalo wengine hulitumia kwa graviti, nalo libakie kwenye vipindi vya Newton, kwa Einstein hakuna kinachovutwa, ni nafasi-wakati yenyewe imepinda.