Anza na wimbo, pozisheni itafuata

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mpiga harmonika anayependa muziki wa aina nyingi achague vipi pozisheni, yaani noti ya harmonika ambayo wimbo utatulia juu yake, na mtindo wake mwenyewe ataupata wapi?

Wengi hufundishwa kwa mkato: za kanisani pozisheni ya kwanza, bluzi ya pili, za huzuni ya tatu. Kwa anayeanza inasaidia. Akiishika kama sheria, atapiga nyimbo zote za aina moja kwa sura moja, na huo mtindo mnaouulizia hautakuja. Mimi nasema pozisheni ichaguliwe na noti za wimbo wenyewe. Jina la aina ya muziki halijui noti.

Chukua harmonika ya kawaida ya matundu kumi, ya ki ya C. Wimbo ukitulia kwenye C, kwa kupuliza tundu la 4, hiyo ni pozisheni ya kwanza. Ukitulia kwenye G, kwa kuvuta la 2, ni ya pili. Kwenye D, kwa kuvuta la 4, ni ya tatu. Kwenye A, kwa kuvuta la 6, ni ya nne. Harmonika ni ileile na noti ni zilezile, kinachohama ni mahali pa kutulia. Wanakwaya wenzangu mliokulia kwenye sol-fa, yaani do, re, mi, hamtapata shida hapa.

Tenzi zinazotumia skeli nzima, do mpaka ti, zinakaa vizuri pozisheni ya kwanza kati ya tundu la 4 na la 7. Shuka chini ya hapo, noti za fa na la hazipo mpaka uzipate kwa kupinda, yaani kushusha sauti kwa mdomo na pumzi, kwenye tundu la 2 na la 3. Nyimbo nyingi za huzuni za Bongo Fleva hutulia kwenye noti ya la, basi pozisheni ya nne inazifaa. Anayekimbilia ya tatu kwa kuwa aliambiwa ndiyo ya huzuni atakwama kwenye noti ya sita ya skeli: iko juu nusu hatua kuliko wimbo unavyotaka, na tundu la 7 halikubali kuipinda. Taarabu yenye maqamu ya hijazi, skeli ya Kiarabu, ningempa mwenye harmonika ya kromatiki, ile yenye kitufe pembeni, asijitese bure.

Sasa nije Dodoma, maana hapa ndipo jibu langu lilipo. Muziki wa Wagogo, huu wa zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba, ambao marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha kwenye majukwaa ya dunia, umejengwa juu ya sauti za asili zinazojificha ndani ya sauti moja, zikihesabiwa kutoka ya chini kabisa: ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi. Kwa sol-fa ni so, ta (ti iliyoshushwa), do, re, mi. Fa haimo, la haimo, ti haimo. Shika ile harmonika ya C: vuta la 4, vuta la 5, puliza la 6, vuta la 6, vuta la 7. D, F, G, A, B. Skeli ya Kigogo imekamilika bila kupinda hata noti moja, na do yake ni G. Ni pozisheni ya pili, ileile ambayo Wamarekani weusi waliijengea bluzi. Vuta tundu la 5 na la 6 kwa pamoja, utasikia ta na re zikilia pamoja kama waimbaji wa Kigogo wa Chamwino.

Angalia pumzi. Noti nne kati ya hizo tano ni za kuvuta, do peke yake ndiyo ya kupuliza. Ukipiga mistari miwili kifua kinajaa, na pa kutolea pumzi ni kwenye do tu. Kwa hiyo unajikuta unaikalia do, unaipuliza ndefu na tulivu, kisha unarudi juu kwa haraka. Hakuna aliyekufundisha kufanya hivyo; mapafu yamekupangia. Do ya chini ina milango miwili, kuvuta la 2 au kupuliza la 3, na uamuzi wa kupita mlango upi ni wako. Hapo ndipo mtindo unapoanzia. Mimi siku hizi hata nikipiga rumba ya dansi au utenzi, naiacha fa ipite kimya na naikalia do vilevile, na wanaonifahamu wananitambua kabla hawajaniona. Little Walter, mpiga harmonika wa bluzi wa Chicago, alihama kutoka pozisheni ya pili kwenda ya tatu, akashika na kromatiki, lakini kote ukimsikia unajua ni yeye.

Jambo la mwisho ni ta. Harmonika iliyopangwa sauti sawa na kinanda inaiweka juu kuliko ta ya ilimba, kwa karibu theluthi moja ya nusu hatua. Harmonika nyingi za zamani ziliiweka chini, karibu na ile ya asili. Ukitaka kuishusha mwenyewe, fungua bati la kufunika la chini, ndimi za kuvuta, yaani vibati vyembamba vinavyotoa sauti, zinaonekana upande huo. Chomeka karatasi ngumu nyembamba chini ya ulimi wa tundu la 5, ukwangue kidogo sana karibu na ribiti iliyoushikilia, upige, usikilize, ukwangue tena. Ukikwangua kwenye ncha sauti itapanda badala ya kushuka. Ila harmonika hiyo usiende nayo kanisani palipo na kinanda, haitakubaliana nacho. Nunua nyingine ya C uiache kama ilivyotoka dukani.

Msomaji wenu,
Dodoma