Maswali yenu: mashine inachapa, kuskani imegoma

*Shikamoo mtaalamu. Mashine yetu ya fotokopi inachapa vizuri, ila nikiskani kwenda kwenye kompyuta inakataa akaunti. Nimeweka namba zile zile ninazofungulia kompyuta kila asubuhi. Karani wa chama cha msingi, Newala.*

Marahaba. Umejijibu uliposema "namba". Hiyo ni PIN, na PIN ya Windows hufungua kompyuta ile ile tu uliyokaa mbele yake. Mashine inayopitia kwenye mtandao inadaiwa neno la siri la akaunti, na akaunti isiyo na neno la siri kabisa hukataliwa vilevile.

Lakini usikimbilie kuweka la kwako, wala la meneja. Fungua kwenye kompyuta akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi, iite "skana", ipe neno la siri refu na ruhusa ya kuandika kwenye folda moja basi. Msimu wa korosho kompyuta hiyo ina hesabu za wakulima wote wa chama. Kwa nini funguo zake zikae kwenye mashine inayoguswa na kila anayekuja kutoa kopi?

*Fundi alizima fayawoli, akawasha SMB1, akaipa folda ruhusa ya "Everyone". Sasa inaskani vizuri. Kuna ubaya? Lindi mjini.*

Upo, na fundi huyo nakutana na kazi zake kila ofisi ninayoingia. SMB1 ni njia ya kizamani ya kushea mafaili. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kwenye tundu lake, kikafunga mafaili duniani kote, hospitali za Uingereza zikiwemo. Mwaka huo huo Microsoft ikaanza kutoa Windows 10 ambayo SMB1 haimo mpaka uiongeze mwenyewe. Fundi wako ameiongeza, kisha akaondoa na mlinzi, yaani fayawoli inayozuia wavamizi wa mtandaoni.

Andika anwani ya IP ya mashine (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) kwenye kivinjari, ingia kwenye mipangilio yake, utafute SMB2 au SMB3, matoleo mapya ya njia hiyo. Mara nyingi ipo, imezimwa tu, au inasubiri mashine isasishwe programu yake ya ndani. Ukiiwasha, iondoe SMB1 kwenye kompyuta, ondoa na ruhusa ya "Everyone", yaani yeyote yule. Fayawoli iwashwe, iruhusu kushea mafaili na printa kwenye mtandao binafsi pekee. Kama mashine ni kongwe haina kabisa, skani kwenye flashi. Ni usumbufu, najua. Na ukiwa humo kwenye mipangilio, badilisha neno la siri la msimamizi wa mashine. Lile la kiwandani limeandikwa kwenye mwongozo, yeyote analisoma.

*Umeme ukikatika na kurudi, kuskani kunakufa. Mikindani.*

Ruta imeipa kompyuta anwani nyingine, mashine bado inatuma kwenye ile ya zamani. Itengee moja ya kudumu humo humo kwenye ruta.

*Nitumie mipangilio WhatsApp, mashine yetu ni ile kubwa nyeupe.*

Zote ni kubwa, zote nyeupe. Andika modeli.

*Kuskani kwenda Gmail kulikuwa kunakubali, siku hizi hapana. Nachingwea.*

Hili nalirudia kila mara. Tangu 2022 Google haipokei tena neno lako la siri la kawaida kutoka kwenye vifaa vya namna hii. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza neno la siri la programu, lenye herufi 16, uliweke kwenye mashine: seva smtp.gmail.com, poti 587, usalama TLS. Angalia na saa ya mashine. Ikisoma mwaka wa zamani, muunganisho salama unaweza kukataliwa. Halafu acheni kuskani barua ya kurasa mbili kwa rangi na dpi 600 (nukta kwa kila inchi). Gmail haipitishi kiambatisho kinachozidi MB 25, na dpi 300 nyeusi na nyeupe inasomeka vizuri tu.

*Tunamuuzia mwenye steshenari mashine yetu ya zamani. Tufute nini? Masasi.*

Ahsante kwa kuuliza kabla ya kuuza. Mashine nyingi za ofisini zina diski ndani, na humo hubaki nakala za mlivyoskani: vitambulisho, mishahara, barua za nidhamu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hizo ni taarifa binafsi mlizopewa mzitunze. Tafuteni amri ya kufuta diski kwenye menyu ya msimamizi. Isipokuwepo, diski itolewe ibaki kwenu. Kisha rudisheni mipangilio ya kiwandani, maana kitabu cha anwani bado kina akaunti na maneno ya siri ya ofisi.