Wasomaji Wanauliza: Bolivia, Nchi ya Kupimwa kwa Mwinuko

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu Bolivia, nchi isiyogusa bahari, iliyopakana na Brazili, Paraguai, Ajentina, Chile na Peru. Tumejibu nne.

*Mimi ni mwongozaji wa wageni mlimani. Wageni niliowapeleka kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, wamenialika La Paz. Kwa kuwa kilele nimezoea, bado nahitaji kujiandaa? – Mwongozaji, Marangu*

Unahitaji, kaka. Ulichozoea wewe ni kupanda taratibu. Kwa njia ya Marangu mtu analala kibanda cha Mandara kwenye mita 2,700, kesho yake Horombo, mita 3,720, na wengi hukaa pale siku nzima ya kuzoea ndipo waende kibanda cha Kibo. Uwanja wa ndege wa El Alto, unaohudumia La Paz, uko mita 4,061. Ukitua pale umepita Horombo bila kulala popote. Oksijeni hewani ni asilimia 21 ile ile ya Moshi, ila mgandamizo wa hewa umeshuka hadi takriban asilimia 60 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo. Tena mazoea ya mwili hayakai: ukiwa umeshuka mlimani wiki kadhaa, mwili wako unaanza upya kama wa mgeni yeyote.

Panga safari hivi. Toka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) kupitia Addis Ababa na São Paulo, kisha ingia Bolivia kwa mji wa Santa Cruz, ulio mita 400 hivi tu. Usikubali tiketi ya kukuunganisha La Paz siku hiyo hiyo. Lala Cochabamba, mita 2,560, usiku mbili au tatu, ndipo upande La Paz. Siku mbili za kwanza huko juu kula kidogo kidogo, acha pombe, na mabegi wabebe wengine. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, si kwenye begi la chini ya ndege.

Sasa jambo linalowaponza hata wazoefu. Kwetu mgonjwa wa Kibo anashushwa Horombo usiku huo huo, na kila hatua ni ya kushuka. La Paz imekaa ndani ya bonde. Barabara ya kwenda Yungas, mabonde ya joto yaliyo chini, kwanza inapanda hadi La Cumbre, karibu mita 4,650, kabla ya kuteremka. Ya uwanja wa ndege nayo inapanda. Kwa hiyo mtu anayehema akiwa ameketi, anayekohoa mapovu au anayeyumba kama mlevi apelekwe hospitali akapewe oksijeni kwanza. Asipakiwe kwenye gari la Yungas. Ukiweza kuchagua, pata malazi Zona Sur, upande wa chini wa jiji, takriban mita 3,200. Tofauti ya mita mia nne usiku wa kwanza si ndogo, nawe unalijua hilo kuliko sisi.

Utakaribishwa chai ya majani ya koka. Huko ni halali, na mwaka 2013 Bolivia ilirudi kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya ikiwa imeweka sharti la kulinda desturi ya kutafuna jani hilo. Hapa nyumbani jani hilo ni dawa ya kulevya kisheria. Usirudi hata na pakiti moja ya chai.

*Kuna Waafrika Bolivia? Kwenye picha naona Wahindi wekundu tu. – Mwanafunzi, Arusha*

Wapo, na historia yao ni ndefu. Hao unaowaona kwenye picha waite kwa majina yao: Waaymara na Wakechua nyanda za juu, Waguarani na wengine wengi nyanda za chini. Katiba ya 2009 inatambua Kihispania pamoja na lugha 36 za wenyeji kuwa lugha rasmi.

Fedha iligunduliwa kwenye mlima wa Potosí mwaka 1545. Wahispania waliwalazimisha wenyeji kuchimba kwa zamu, na wakaleta pia watumwa kutoka Afrika, ambao wengi walifanya kazi kwenye karakana ya kutengeneza sarafu. Baadaye vizazi vyao vilijikita Yungas, kwenye mashamba makubwa ya koka. Utumwa ulifutwa mwaka 1851, lakini waliendelea kumfanyia mwenye shamba kazi bila ujira hadi mapinduzi ya 1952 na mageuzi ya ardhi ya 1953. Hili la miaka mia nzima kati ya tangazo na uhuru wenyewe vitabu vingi hulipita haraka mno. Sensa ya 2012 ilihesabu takriban watu 23,000. Kijiji cha Tocaña, karibu na Coroico, kinajulikana kwa saya, ngoma yao ya kuimba kwa kupokezana.

*Nchi haina bahari, jeshi la maji la nini? Na mji mkuu ni upi? – Msomaji, Moshi*

Pwani walikuwa nayo. Waliipoteza kwa Chile katika vita iliyoanza 1879, na mkataba wa 1904 ukathibitisha. Jeshi la maji lipo kwenye mito na kwenye ziwa Titicaca, mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Tarehe 23 Machi kila mwaka ni Siku ya Bahari. Mwaka 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Chile hailazimiki kujadiliana nao juu ya kupata pwani. Mizigo yao mingi hupitia bandari ya Arica, kama ya Rwanda inavyopitia Dar es Salaam, ila malori yao hutoka usawa wa bahari na kuvuka mpaka kwenye mita zaidi ya 4,600, karibu sawa na kibanda cha Kibo.

Mji mkuu kikatiba ni Sucre, yenye mahakama ya juu kabisa ya nchi. Rais na Bunge wako La Paz.

*Nimesikia wana viazi vinavyokaa miaka bila kuoza. Naweza kuvitengeneza? – Mama mkulima, Ngaramtoni*

Vinaitwa chuño, mama. Mwezi Juni na Julai, kwenye mwinuko wa karibu mita 4,000, viazi vidogo hutandazwa nje usiku, jalidi ikavigandisha. Mchana jua linaviyeyusha. Baada ya usiku tatu hivi vinakuwa laini, vinakanyagwa kwa miguu mitupu ili maji na maganda vitoke, kisha vinaanikwa hadi vigume na kuwa vyeusi. Kilo tano hutoa takriban kilo moja.

Ngaramtoni hakuna jalidi ya kutosha, na Juni yetu ni ya mawingu. Kwa kiasi kidogo tumia friza: gandisha viazi vizima usiku kucha, viyeyushe, rudia mara mbili, vikamue kwa mikono, uvianike Januari au Februari jua likiwa kali. Visipokauka haraka vinachacha na kunuka, vitupe. Kule hutumia pia viazi vichungu, na vingine huvilowesha mtoni wiki kadhaa kuondoa uchungu. Wewe usijaribu hivyo kwa viazi vyetu vilivyogeuka kijani, sumu yake hatuwezi kukuhakikishia kwamba itatoka. Kupika, loweka usiku mzima, mwaga maji, kamua, chemsha dakika 20 hadi 30, ule na mchuzi wenye chumvi ya kutosha, kwa sababu vyenyewe vina ladha hafifu.