Kitenzi "fumbia macho", kwa wanaoanza kazi ya kutafsiri

Kila mwaka ofisi yetu ndogo hapa Kisumu hupokea kijana mmoja au wawili wanaotaka kujifunza kazi ya kutafsiri, na karibu wote hujikwaa penye neno la Kiingereza "condone", yaani kuona kosa ukaliachilia. Wa mwisho aliniletea ripoti ya shule iliyosema kwamba msimamizi wa mtihani "alivumilia wizi wa mtihani". Niliisoma mara mbili nikamwonea msimamizi huruma, kana kwamba watahiniwa walikuwa wakimwibia yeye, naye hana pa kukimbilia. Anayevumilia, katika Kiswahili, ni mtu anayeumia. Huvumilia njaa, kejeli, ndoa yenye vipigo, au jua la Ahero akiwa ameinama katika palizi ya mpunga, na tunamsifu kwa hilo hata tukamwahidi kwamba atakula mbivu. Msimamizi wa mtihani hakuumia hata kidogo. Aliona, alikuwa na uwezo wa kuzuia, akageukia dirishani. Huyo aliufumbia macho wizi.

Hata hivyo, viongozi wanapotangaza kwamba hawatavumilia ufisadi, msiwasahihishe. Ufisadi unaumiza watu, na anayesema hivyo anajiweka, kwa maneno angalau, upande wa wanaoumizwa.

Uzito wa kitenzi hiki nilifunzwa na mzee mmoja ambaye alikuwa mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo. Nilikuwa nimepewa kumbukumbu za mkutano wao nizitafsiri, na mahali pamoja Kiingereza kilisema kwamba mweka hazina "overlooked" risiti mbili. Nikaandika kwamba alizifumbia macho risiti mbili, nikaendelea na ukurasa unaofuata. Siku ya tatu mzee alifika ofisini akiwa na karatasi yangu mkononi, akaketi, akauliza kwa upole ulioniogopesha kuliko kelele: "Mwalimu, hapa umeandika kwamba niliona nikanyamaza. Niliona lini?" Risiti zile zilikuwa zimegandamana nyuma ya nyingine, naye hakuziingiza kwenye daftari. Alikuwa amepitiwa, basi. Lile neno la Kiingereza hubeba maana zote mbili, ya kutoona na ya kuona ukaachilia, lakini letu hubeba ya pili peke yake, kwa kuwa hakuna anayeweza kufumba macho ambayo hayakuwa wazi. Niliandika upya kwamba "risiti mbili zilimpita mweka hazina", na nakala za kwanza zikarudishwa zote. Tangu siku hiyo, kabla ya kutumia kitenzi hiki, huwa ninatafuta katika maandishi ninayotafsiri mahali panapoonyesha kwamba mhusika alijua. Nisipopaona, ninatumia "hakugundua", "alipitiwa" au "hakuzingatia", kadiri muktadha unavyoruhusu.

Sarufi yake nayo ina mitego. Kiambishi cha mtendwa hufuata kosa linaloachiliwa au mtu aliyelitenda, wala hakifuati macho. Tunasema "aliufumbia macho ufisadi", "alikifumbia macho kitendo hicho", "aliwafumbia macho makondakta waliozidisha abiria katika matatu ya watu 14". Nimekwisha kusahihisha "aliyafumbia macho ufisadi" mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwandishi alipatanisha na macho kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu. "Aliyafumbia macho maovu" ni sahihi, lakini "-ya-" hiyo ni ya maovu. Katika kauli ya kutendwa macho hubaki palepale: "ufisadi umefumbiwa macho". Wala msiyaache macho nje kwa kudhani kwamba msomaji atajaza mwenyewe, kwa maana "aliwafumbia" peke yake ni kusema na watu kwa mafumbo, na hapo mtakuwa mmemgeuza mkuu wa idara kuwa mtunga vitendawili.

Ukishajua kwamba mhusika alijua, swali linalobaki ni kiasi gani alisogea kuelekea kosa. Aliyelinyamazia alikosa kusema, ingawa huenda hakuwa na madaraka ya kulizuia. Mfagizi anaweza kunyamazia wizi wa ghala, lakini meneja ndiye anayeufumbia macho. Anayeendekeza au kulea uovu ameurudia ulegevu wake hata uovu ukapata nguvu, kwa hiyo vitenzi hivyo havifai kwa tukio la siku moja. Anayemkingia kifua mkosaji amekwisha kutoka mafichoni na anamtetea. Kuna pia kufunika kombe mwanaharamu apite, ambako ni kuficha aibu kwa muda ili balaa lipite. Ninaupenda msemo huu katika mazungumzo na katika makala ya gazeti, lakini katika ripoti ya ukaguzi wa hesabu ninaufuta.

Hati za kisheria zinahitaji uangalifu wa aina nyingine. Neno "condone" lilitoka katika Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kusamehe au kuachilia deni, na ndani yake mna kutoa zawadi. Halikuanzia machoni kama letu. Maana hiyo ya zamani ilidumu katika kesi za talaka. Chini ya sheria iliyotumika Kenya kabla ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, mtu aliyejua uzinzi wa mwenzake, akamsamehe na kumrudisha katika maisha ya ndoa kama kawaida, angeweza kukataliwa talaka aliyoiomba kwa sababu ya uzinzi huohuo. Mnapokutana na hukumu ya miaka hiyo, andikeni "alisamehe", kwa sababu "alifumbia macho" litamwonyesha mke au mume huyo kama mtu aliyeacha uzinzi uendelee, ilhali alichofanya ni kupatana na mwenzake baada ya kosa.

Msikimbilie "ridhia" pia, ingawa linasikika rasmi na linajaza mstari vizuri. Kuridhia ni kutoa kibali. Ndilo neno tunalotumia nchi inapokubali kufungwa na mkataba wa kimataifa. Mtu aliyeandikwa kwamba aliridhia wizi amekwisha kuingizwa katika wizi wenyewe, na wakili wake atataka kujua ni nani aliyelitia neno hilo hapo.