Miadi ya saluni kujiandika yenyewe kwenye kalenda

Dada, kama wateja wanajaza fomu ya Google kisha wewe unanakili kila miadi kwa mkono, kazi hiyo mwachie Zapier, huduma ya mtandaoni inayounganisha programu zifanye kazi zenyewe. Humo, unganisha jedwali la majibu ya fomu (Google Sheets) na Google Calendar. Mstari mpya ukiingia, miadi inajiandika.

Mteja akibadilisha muda na zikabaki miadi mbili, ni kwa sababu umeiagiza Zapier “unda” miadi kila mara. Ongeza safu kwenye jedwali ya kuhifadhi kitambulisho cha miadi (ID ambayo kalenda huipa kila miadi), halafu mstari ukibadilika agiza “sasisha” kwa kitambulisho hicho.

Na saa, jamani! Mteja ataandika “4:00” akimaanisha saa nne asubuhi, kalenda isome alfajiri. Usimwachie aandike. Mwekee ya kuchagua: “saa 4 asubuhi (10:00)”.