Kwa Nini Snea Inanywea Maiki Zote Zikiwa Wazi?

Swali: Mimi ni mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya roki hapa Igoma, Mwanza, na nimeanza kuwarekodi wenzangu kwa maiki tatu. Nikisikiliza moja moja, snea, yaani ile dramu ndogo yenye mlio mkali, ina nguvu, lakini nikizifungua zote inanywea. Je, maiki zangu ni mbovu?

Jibu: Maiki zako ni nzima, ndugu yangu, kasoro iko kwenye umbali. Katika joto la nyuzi 25 sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde, kwa hiyo maiki moja ikiwa mbali na snea kuliko nyingine kwa sentimita 35, hupokea pigo lilelile milisekunde 1 baadaye. Kwa sauti ya hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, huo ni nusu ya mtetemo: wimbi linapanda huku na kushuka kule, na ukiyachanganya yanafutana, na snea inapoteza nguvu.

Glyn Johns, Mwingereza aliyeanza kazi ya studio London akiwa kijana na ambaye kama wewe alikuwa pia mwimbaji aliyetoa santuri zake, alirekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, mwaka 1968 kwa mpangilio wa dramu ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Maiki moja hukaa juu ya dramu, kiasi cha mita moja kutoka kwenye snea, na ya pili hukaa pembeni, juu kidogo ya tomu ya chini (ile dramu kubwa ya pembeni inayosimama sakafuni), ikiitazama snea, zote mbili zikiwa na umbali uleule kutoka katikati ya ngozi yake. Mimi hupima kwa uzi wa nyavu wa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kwa sababu hauvutiki. Mpira wa nguo utakudanganya.

Maiki ya tatu iweke mbele ya kiki, ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu. Hiyo haiwezi kulingana na zile mbili, kwa hiyo bonyeza kitufe cha kugeuza wimbi katika programu yako, usikilize, kisha ubaki na upande wenye besi nzito zaidi. Usiguse ikwalaiza, kile cha kuongeza au kupunguza besi na sauti nyembamba, kabla ya hapo, maana sauti iliyokwisha kufutana hairudishwi kwa kuongezwa.

Mpiga dramu akisogeza snea, hata kwa kiganja kimoja, pima upya.